Miezi Kumi na Miwili ya Kuazima: Historia ya Kujifunza Majina ya Miezi ya Kijerumani

Mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili anapoanza kusoma Kijerumani hukutana na mambo mengi ya kumtoa jasho: nomino zenye jinsia tatu, vitenzi vinavyosubiri mwisho wa sentensi, na hesabu inayotaja mamoja kabla ya makumi. Siku ya kufundishwa miezi huwa ndiyo siku ya kupumua. Ubaoni huandikwa maneno kumi na mawili, Januar, Februar, März, April, Mai, Juni, Juli, August, September, Oktober, November, Dezember, na darasa zima huyasoma kana kwamba lilikuwa likiyajua tangu zamani. Mwalimu hukazia mambo machache. Majina yote ni ya jinsia ya kiume; yote huanza kwa herufi kubwa; J hutamkwa kama Y ya Kiswahili na Z hutamkwa ts. Kisha ukurasa hufunuliwa, na miezi haizungumzwi tena.

Wepesi huo unastahili kutiliwa shaka. Neno linaloeleweka mara moja kwa Mswahili, Mjerumani, Mreno na Mwingereza aghalabu si mali ya asili ya lugha zao zote. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi hudhani anajifunza maneno ya Kijerumani, kumbe anajifunza maneno ambayo Wajerumani wenyewe walifundishwa na wengine, tena baada ya mvutano wa karne nyingi. Na mtangulizi wake aliyekaa dawatini Tanga zaidi ya miaka mia moja iliyopita alijifunza maneno hayo hayo, lakini Kiswahili hakikuyahifadhi katika umbo alilofundishwa. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho hakimo katika maana ya majina wala katika uzuri wake. Kimo katika swali la nani aliyekuwa akiandika tarehe, na kwa kazi gani.

Ushahidi mkongwe na ulio kamili zaidi unapatikana katika karne ya 9. Einhard, aliyeandika kwa Kilatini wasifu wa mfalme Karoli Mkuu aliyefariki mwaka 814, anaeleza katika sura ya 29 kwamba mfalme huyo aliipa miezi kumi na miwili majina ya lugha ya watu wake. Januari ukaitwa Wintarmanoth, mwezi wa baridi. Februari ukaitwa Hornung, jina ambalo wanaisimu hawajaafikiana juu ya asili yake hadi leo. Machi ukawa Lentzinmanoth, mwezi wa majira ya kuchipua. Aprili ukawa Ostarmanoth, mwezi wa Pasaka. Mei ukawa Winnemanoth, mwezi wa malisho. Juni, wakati wa kulima mashamba yaliyolazwa, uliitwa Brachmanoth. Julai, wakati wa kukata majani ya mifugo, Heuuimanoth. Agosti, wakati wa mavuno, Aranmanoth. Septemba ulikuwa Witumanoth, mwezi wa kuni. Oktoba ulikuwa Windumemanoth, mwezi wa kuvuna zabibu. Novemba ulikuwa Herbistmanoth, mwezi wa majani kupukutika. Na Desemba, wenye sikukuu ya kuzaliwa Kristo, uliitwa Heilagmanoth, mwezi mtakatifu.

Orodha hiyo imependwa sana na watetezi wa usafi wa lugha, na ni rahisi kuona sababu. Kila jina linanuka udongo. Lakini anayeisoma kwa jicho la mwanaisimu hana budi kusita mahali pawili. Kwanza, Windume, neno la kuvuna zabibu, si la Kijerumani cha asili. Ni neno la Kilatini vindemia, lililoingia pamoja na mizabibu na maarifa ya kutengeneza divai ambayo Warumi waliyapeleka katika mabonde ya mto Rhine. Orodha iliyokusudiwa kuyaondoa maneno ya Kilatini iliondoa Oktober na kuingiza Kilatini kingine kwa mlango wa shambani. Pili, Einhard mwenyewe anakiri kwamba kabla ya hapo Wafranki walikuwa wakichanganya, miezi mingine wakiitaja kwa Kilatini na mingine kwa lugha yao. Kwa hiyo hata mfalme hakuukuta usafi uliopotea. Aliukuta mseto, akajaribu kuunyoosha.

Kisa cha mwezi wa Mei kinafaa kukaliwa kidogo. Neno winne, malisho, lilikufa katika matumizi ya kawaida, na wasemaji waliobaki na jina la mwezi hawakujua tena linasema nini. Wakalitafutia ndugu wa karibu kwa sauti, wakampata Wonne, furaha kuu. Mwezi wa malisho ukageuka mwezi wa raha, Wonnemonat, na hivyo ndivyo unavyotajwa hadi sasa katika lugha ya kishairi na ya matangazo. Mswahili hana sababu ya kumcheka Mjerumani kwa jambo hili. Katika hesabu ya pwani, mwezi unaofuata Ramadhani ni mfunguo mosi, kwa kuwa ndipo watu wanapofungua. Lakini wengi leo husema mfungo mosi, na kwa kudondosha irabu moja mwezi wa kufungua umepewa jina la kufunga. Wala hakuna anayekosea siku ya Idi kwa sababu hiyo. Jina la mwezi linaweza kupoteza maana yake kabisa na bado likafanya kazi yake sawasawa.

Majina ya Karoli Mkuu hayakufa upesi. Heumonat, Brachmonat na Hornung yaliendelea kuchapwa katika kalenda kwa karne nyingi. Kilichoyaponza ni uaminifu wake kwa shamba. Majani hayakatwi siku moja bondeni na mlimani, wala mavuno ya kaskazini hayangoji ya kusini. Herbstmonat, mwezi wa majira ya kupukutika, ulikuwa Novemba katika orodha ya Einhard, lakini baadaye jina hilo lilizoeleka zaidi kwa Septemba. Kwa mkulima aliyemwambia jirani yake habari za shamba lao, utata huo haukuwa na madhara. Kwa mfanyabiashara aliyeandika hati ya deni ili isomwe katika mji wa mbali, miezi miwili ya tofauti ilikuwa fedha, pengine na kesi juu yake. Jina la Kilatini halikumwambia msomaji lolote kuhusu majani wala zabibu. Kwa sababu hiyo hiyo lilimfaa kila mtu.

Kwamba majina ya Kilatini yaliingia kwa awamu, si kwa mkupuo mmoja, sauti zenyewe zinashuhudia. März na Mai ni wageni wa zamani. Yamo katika Kijerumani cha Kale, yalipitia vinywa vya watu wasiojua kusoma, na yakasagika humo hadi silabi za mwisho za Martius na Maius zikaanguka. Juni na Juli ni wageni wa dawati. Yanalingana na umbo la umilikishi wa Kilatini, Junii na Julii, yaani umbo ambalo karani aliliandika kila mara alipotaja siku fulani ya mwezi huo. Kwa maneno mengine, Mjerumani anaposema Juni anasema sehemu ya tarehe iliyokatwa kutoka katika hati, kama vile Mswahili angeuita mwezi wenyewe "wa Juni".

Mwezi wa kwanza una historia mbili kwa pamoja. Umbo la kale lililopita midomoni mwa watu ni Jänner. Umbo la kitabuni lililorudishwa baadaye kwa kufuata maandishi ya Kilatini ni Januar. Kaskazini umbo la kitabuni lilishinda. Austria haikushawishika, na hadi leo sheria, magazeti na vyeti vyake huandika Jänner. Hata Feber husikika huko badala ya Februar. Mwanafunzi aliyejifunza miezi kwa kitabu kilichochapwa Ujerumani, kisha akapata nafasi ya masomo Wien, hupokea barua ya chuo yenye mwezi ambao hakufundishwa. Hilo si kosa la kitabu peke yake. Ni matokeo ya desturi ya kufundisha lugha ya nchi kadhaa kana kwamba ina ofisi moja tu.

Kuna fumbo jingine ambalo mwalimu wa Kijerumani hulipita, na ambalo mwanafunzi Mswahili ndiye mwenye akiba nzuri ya kulifumbua. September, Oktober, November na Dezember ni namba za Kilatini: saba, nane, tisa, kumi. Lakini ni miezi ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Tofauti hiyo ilitokana na kwamba mwaka wa kale wa Warumi ulianzia Machi. Mwanzo wa mwaka ukahamia Januari, namba zikabaki zilipokuwa. Mtu aliyezoea kuhesabu Septemba kuwa mwezi wa tisa huliona jambo hili kuwa upuuzi wa Ulaya. Hata hivyo mfunguo mosi ni mwezi wa kumi katika mwaka wa Kiislamu, na mfunguo saba ni wa nne. Waswahili walichagua kuanza kuhesabu kutoka tukio linalogusa kila nyumba, yaani mwisho wa saumu, wakaachia mwaka rasmi uanzie Muharram, ambao kwao ni mfunguo nne. Hesabu mbili zikakaa pamoja bila ugomvi.

Wajerumani walijaribiwa tena kubadili miezi yao, na mara hii waliotaka mabadiliko walikuwa Wafaransa. Majeshi ya Ufaransa yaliponyakua ukingo wa magharibi wa mto Rhine, kalenda ya Mapinduzi ilifuata nyuma yao. Tangu 1798, katika miji kama Köln, Mainz na Trier, vizazi, ndoa na vifo viliandikwa rasmi kwa miezi iliyobuniwa Paris: mwezi wa ukungu, mwezi wa theluji, mwezi wa joto. Wa kwanza katika mwaka huo uliitwa vendémiaire, mwezi wa kuvuna zabibu. Neno hilo limetokana na vindemia ile ile iliyokuwamo katika Windumemanoth. Miaka elfu moja karibu ilikuwa imepita, na vindemia ilikuwa imerudi ukingoni mwa Rhine kama amri ya serikali, ikasimamiwa na makarani ambao bila shaka wengi wao hawakujua kwamba ilishawahi kufika. Kalenda hiyo ilifutwa mwishoni mwa 1805. Haikuacha jina hata moja katika Kijerumani cha kawaida, kwa kuwa haikuwa na makao nje ya daftari la ofisi, na daftari lilipofungwa majina yalifungwa nalo.

Jaribio la tatu lilitoka kwa wazalendo wa Kijerumani wenyewe. Tangu karne ya 17 walikuwapo waandishi walioshughulikia kutafuta maneno ya asili badala ya ya kigeni, na baadhi ya kazi yao ilifaulu vizuri: Anschrift kwa anwani na Bücherei kwa maktaba, maneno yanayohusishwa na Philipp von Zesen, yanatumika hadi leo bila mtu kukumbuka kwamba yalibuniwa. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, makundi ya siasa kali za utaifa yalichukua miezi ya kale, yakaongeza mingine kama Hartung, Gilbhart na Julmond, na kuichapa katika kalenda zao. Wakati wa utawala wa Wanazi majina hayo yalionekana hapa na pale. Hata serikali hiyo, ambayo haikuogopa kulazimisha mambo, haikuyafanya kuwa majina ya kawaida ya nchi. Baada ya 1945 yalibaki na doa, na leo mtu anayeandika Hartung juu ya barua yake anaeleweka kuwa anatangaza msimamo zaidi ya kutaja tarehe. Hasara hiyo haikuwa ya lazima. Hornung na Heumonat ni maneno mazuri ambayo hayakumkosea mtu.

Historia hii inaingia Afrika ya Mashariki kwa njia mbili zinazopishana baharini. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yake. Walioajiriwa kukifundisha kwa ulimi wa asili ni pamoja na Sleman bin Said, Amur bin Nasur na, kuanzia 1900, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alifia Berlin mwaka 1927. Watu hao waliishi katika kalenda mbili. Mishahara, kodi za nyumba na mihula ya masomo vilifuata Januar na Oktober. Saumu na Idi vilifuata mwezi mwandamo, na kila mwaka vilirudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi katika kalenda ya Wajerumani. Wanafunzi wao, maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda pwani, walilazimika nao kujua kwamba mfunguo mosi hauna tarehe ya kudumu ya Kijerumani. Kujifunza miezi kulikuwa kwa pande mbili, ingawa mamlaka yalikuwa ya upande mmoja.

Njia ya pili ni ya Tanga. Shule ya serikali iliyofunguliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1890, na nyingine zilizofuata, zililenga kuwapata makarani, walimu na maakida watakaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Kijerumani chenyewe kilifundishwa kwa wachache. Lakini hata aliyeandika Kiswahili kitupu alitakiwa kuweka tarehe ya serikali juu ya barua, juu ya stakabadhi ya kodi na juu ya orodha ya wafanyakazi. Mwezi wa Kijerumani ulimfikia kijana huyo kama sehemu ya kazi, kabla hajaujua kama sehemu ya lugha.

Ingetazamiwa basi kwamba Kiswahili cha Tanzania kingebaki na alama za miezi hiyo, kama kilivyobaki na shule kutoka Schule, na hela kutoka Heller, sarafu iliyoingizwa mwaka 1904. Hakikubaki nazo. Mashahidi ni watatu. Machi imefuata sauti ya Kiingereza. März ingetoa kitu kama Merzi. Mei imefuata Kiingereza. Mai ya Kijerumani ingeingia kama ilivyo, kwa kuwa Kiswahili hakina shida na irabu hizo. Julai ndiye shahidi mkubwa kuliko wote, kwa sababu Juli ni neno jepesi kwa kinywa cha Mswahili, silabi mbili wazi, mkazo mahali pake, na bado likaachwa. Januari na Juni hawafai kuitwa mahakamani: mtu aliyefundishwa herufi J kwa tahajia ya wamisionari angelisoma hata neno la Kijerumani kwa sauti ile ile ya Kiswahili. Agosti naye hueleweka vigumu. Irabu zake humkumbusha mtu Kireno, lakini ushahidi wa neno moja hautoshi kumtia Mreno hatiani.

Sababu haiwezi kuwa fonolojia, maana Juli na Mai zilikuwa na sifa zote za kukubalika. Wala haitoshi kusema tu kwamba Mjerumani alishindwa vita, kwa kuwa shule na hela zilinusurika vita hivyo hivyo. Tofauti iko katika kazi ya maneno. Shule ni jengo, hela ni kitu cha mkononi. Jina la kitu kama hicho linaweza kukaa mahali pake hata jirani akitumia jingine. Mpaka wa kale ungali unaonekana hapo: Tanzania Bara wanasema shule, Zanzibar wanasema skuli. Tarehe haivumilii mpaka wa namna hiyo. Barua inayotoka Unguja kwenda Mwanza, au Mombasa kwenda Tabora, inahitaji mwezi mmoja kwa mwandikaji na msomaji, kama ilivyohitaji hati ya deni ya mfanyabiashara wa Ulaya. Kiingereza kilikuwa tayari kimeshika Unguja na Kenya, na wamisionari wa Kiingereza walikuwa wakichapa vitabu vya Kiswahili Zanzibar kabla utawala wa Wajerumani haujaanza. Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, na Kamati ya Lugha ya maeneo manne ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha tahajia na kusimamia vitabu, mwezi wa Kijerumani ulikuwa wa eneo moja dhidi ya matatu. Waswahili wa Kongo, waliosomeshwa kwa Kifaransa, walibaki nje ya mkondo huo, na hadi leo huitaja miezi kwa vazi la Kifaransa au kwa kuihesabu tu.

Mwanafunzi wa leo anarithi yote hayo bila kuambiwa. Makosa yake yanaweza kutabiriwa. September hadi Dezember huyatamka vizuri, kwa sababu mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili. Januar humshinda, kwani huuvuta mkazo hadi katikati. August humshinda zaidi: mwezi una mkazo mwishoni, na anayeuweka mwanzoni, kama Kiswahili kinavyomshawishi, ametaja jina la mwanamume. Faraja yake huja katika mazungumzo, anapogundua kwamba Wajerumani wenyewe mara nyingi huacha majina na kusema "siku ya tatu ya wa kumi", karibu sawa na tarehe tatu mwezi wa kumi ya kwao.

Kosa linalosahihishwa mara nyingi kuliko yote ni Juli. Mwanafunzi, huku akikumbuka kwamba J ni Y, huitamka Yulai, na mwalimu humrudisha: Yuli, Yuli. Kisha siku moja anapiga simu kwa ofisi fulani ya Ujerumani kuulizia miadi yake. Juni na Juli hazitofautiani vya kutosha katika simu, na makarani wa huko wana dawa ya zamani: Juni huiita Juno, na Juli huiita Julei, ei ikitamkwa ai. Karani anamtajia mwezi polepole, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mgeni, na mwanafunzi anasikia Yulai.